Woking: Gari la Mamilioni na Kompyuta Kuukuu

Garimoshi litokalo kituo cha Waterloo, London, humfikisha msafiri Woking kwa muda upatao nusu saa. Ni mji wa watu waendao London asubuhi kutafuta riziki na kurejea jioni, na mtu aliyezoea pilikapilika za Kariakoo ataona kana kwamba wenyeji wote wamelala. Lakini asiharakie kuudharau. Karibu na reli umesimama Msikiti wa Shah Jahan, uliojengwa mwaka 1889, wa kwanza nchini Uingereza kujengwa kwa makusudi ya kuwa msikiti. Unaitwa kwa jina la Begum Shah Jahan, mwanamke aliyetawala Bhopal huko India na kuchangia fedha za ujenzi. Na katikati ya mji kuna dude la chuma lenye miguu mitatu, urefu wake yapata mita 7. Hilo ni kumbukumbu ya mwandishi H. G. Wells, aliyekaa hapa katika miaka ya 1890 akatunga hadithi ya viumbe wa sayari ya Mirihi walioshuka jirani na mji huu, wakiwa na mitambo ambayo binadamu hakuweza kuielewa.

Mitambo isiyoeleweka ndiyo iliyotuleta Woking, ingawa yetu haikutoka Mirihi.

Nje kidogo ya mji, kando ya ziwa lililochimbwa na watu, lipo jengo la vioo la kampuni ya McLaren. Lilisanifiwa na Norman Foster, na Malkia Elizabeth alilifungua mwaka 2004. Maji ya ziwa hilo husaidia kulipoza jengo. Mpita njia haruhusiwi kuingia apendavyo. Atatazama kwa mbali na kuendelea na safari yake. Kabla ya jengo hilo kuwapo, kampuni hiyo ilitengeneza hapa Woking gari liitwalo F1, kati ya mwaka 1992 na 1998. Yalitengenezwa 106 tu, ukihesabu na yale ya majaribio na ya mashindano. Dereva hukaa katikati, abiria wawili wakawa kulia na kushoto kwake, nyuma kidogo. Na chumba cha injini kimetandikwa dhahabu ili kuzuia joto. Mwaka 1998 moja lilikimbia kilomita 386 kwa saa. Mwaka 2021 jingine liliuzwa mnadani Marekani kwa zaidi ya dola milioni 20, fedha ambazo mwandishi wa makala haya haoni haya kuziita za kufuru.

Wasomaji wengi wanamfahamu Rowan Atkinson, yule mchekeshaji aigizaye Mr. Bean. Naye alikuwa na gari la namna hiyo. Mwaka 2011 aliligongesha kwenye mti, na matengenezo yakachukua zaidi ya mwaka mmoja na kuigharimu bima yapata pauni 910,000.

Sasa tuingie katika karakana. Gari hili lina kompyuta ndani yake iongozayo injini, na fundi atakaye kujua maradhi yake hawezi kutegemea sikio na bisibisi peke yake. Sharti aunganishe kompyuta ya nje, gari liseme linaumwa wapi. Mwaka 2016 ilijulikana hadharani kwamba kompyuta waliyokuwa wakiitumia mafundi wa McLaren kwa kazi hiyo ilikuwa Compaq ya kupakata, ya miaka ya 1990, nzito, yenye kioo kidogo, na ya aina ambayo ofisi nyingi zilikwisha kuitupa. Compaq yenyewe ilimezwa na kampuni ya Hewlett-Packard mwaka 2002.

Kwa nini wasinunue mpya? Uchoyo sio sababu. Ndani ya Compaq hiyo hupachikwa kadi maalumu, iliyotengenezwa kwa kazi hiyo tu, nayo ndiyo mkalimani baina ya gari na programu iliyoandikwa kwa mfumo wa kale wa DOS. Kompyuta ya kisasa haina hata mahali pa kuipachika kadi hiyo. Mkalimani asipokuwapo, gari la dola milioni 20 linakuwa bubu mbele ya daktari wake. Na Compaq nazo huzeeka: betri hufa, diski hugoma, kapasita huvuja.

Msomaji asidhani haya ni matatizo ya matajiri tu. Mashine za kudarizi na za kukereza chuma zilizotengenezwa miaka ya 1980 na 1990 zina ugonjwa huo huo, na ndizo mashine kuukuu anazoweza kuzimudu mtu anayeanza karakana yake. Nyingi husoma kazi kutoka kwenye flopi, na Sony iliacha kuuza flopi mwaka 2011. Siku hizi kipo kifaa kidogo kinachoingia pale pale penye mlango wa flopi, nacho hupokea fleshi. Mashine haitambui kwamba imedanganywa. Hatari kubwa zaidi ni betri. Mashine nyingi za kukereza hutunza vipimo vyake katika kumbukumbu inayolindwa na betri ndogo. Betri ikifa ilhali umeme umezimwa, vipimo vyote hupotea, na chuma cha tani kadhaa hubaki kimesimama kama sanamu. Fundi mwerevu huviandika vipimo hivyo daftarini siku ya kwanza, tena hubadilisha betri mashine ikiwa imewashwa. Mnunuzi naye aulize, kabla hajalipa hata shilingi, iko wapi kompyuta iliyokuja na mashine, iko wapi waya yake, ziko wapi flopi zake. Muuzaji akijibu kwamba hayo ni mambo madogo, bei na ishuke sana, au mnunuzi aende zake.

Mafundi wa Woking nao hawakukaa kusubiri msiba. Mwaka huo wa 2016 walieleza kwamba walikuwa wakitengeneza mkalimani mpya, wa kuunganishwa na kompyuta za kisasa, kwa kuwa zile Compaq zilizidi kuharibika na kuadimika. Wakati kazi hiyo ikiendelea, ilibidi Compaq kuukuu ziendelee kutafutwa na kutunzwa, kwa ajili ya magari hayo machache.