Mlango wa Wami

Mikumi, mwisho wa Mei

Babu,

Nakuandikia nikiwa kibarazani kwenye nyumba ya wageni, malori ya Zambia na Kongo yakipita mbele yangu usiku na mchana. Ningeweza kupiga simu, lakini najua wewe neno lililoandikwa ndilo unaloliamini. Mwambie mdogo wangu akusomee taratibu, na akifika penye habari ya mlango wa buluu asiparuke, maana hapo nina swali linalokuhusu.

Unaikumbuka ile asubuhi tulipokuwa tunashusha ngalawa, tukakuta maji ya mlangoni mwa mto Wami yamekuwa rangi ya chai ya maziwa? Uliyachota kwa kiganja, ukayaonja, ukasema, "Bara kumenyesha. Kamba wanakuja." Nikakuuliza, bara wapi? Ukaelekeza kidevu upande wa machweo, ukarudi kwenye nyavu zako. Kamba walikuja kweli, tena wengi, na kwa fedha yao nilinunuliwa sare za shule. Lakini lile jibu la kidevu halikunitosha. Ndiyo maana safari hii nimeupanda mto, kutoka kwako kwenda juu, nikaone huo udongo unatoka kwa nani.

Mara ya kwanza niliuvuka Mandera, juu ya daraja jipya, refu na pana, siyo lile jembamba la kwenye mteremko lililokuwa likitutia hofu zamani. Mara ya pili ilikuwa Dakawa, njia ya Dodoma. Hapo Wami ni mto wa wakulima: pampu zinauvuta na kuumwaga mferejini, na mifereji inalisha majaruba ya mpunga mpaka macho yanachoka. Dakawa hiyohiyo ndiko walikokaa wapigania uhuru wa Afrika Kusini, nikawaza kwamba hata wao waliyanywa maji haya kabla hayajakufikia wewe. Dumila nikaiacha njia ya Dodoma, nikakata kushoto kwenda Kilosa. Abiria mwenzangu akanisimulia Januari ya 2014, mafuriko yalipozikumba Dumila na Magole, barabara kuu ikakatika, wasafiri wakabaki huku na huku wakitazamana.

Kilosa, babu, ni mji ulioegemea milima. Miembe mikubwa, nyumba za zamani, reli katikati, na ubavuni mwake mto Mkondoa. Huu ndio unaokwenda kuwa Wami wako. Nilipoufikia mara ya kwanza nilishangaa. Masika yalikuwa yameisha, maji yalifika magotini tu, kina mama wanafua, vijana wanachimba mchanga. Nikamwambia mzee mmoja aliyekuwa akinywesha mbuzi wake kwamba nilidhani ni mto mkubwa. Hakucheka. Akasema, "Huu usiudharau kijana. Huu hauji na mvua yako, unakuja na mvua ya watu wengine."

Nilikaa naye mpaka nikaelewa maana ya neno hilo. Mkondoa unaanzia mbali, kwenye mto wanaouita Kinyasungwe, unaotoka pande za Ugogo. Huko ni kukavu. Sehemu kubwa ya mwaka mto ni mchanga mtupu. Mvua zikishuka, zinashuka kwa kishindo juu ya ardhi isiyo na nyasi za kuishika, maji yanakimbia na kila kilicholegea, yanaingia kwenye bonde jembamba kati ya milima ya Ukaguru na Rubeho, na yakitoka upande wa pili yanakutana na Kilosa. Basi Kilosa mtu anaweza kuwa ameanika nguo, jua linawaka, hakuna wingu hata moja, na mafuriko yako njiani. Na miteremko ya hapo karibu nayo imelimwa mahindi mpaka kileleni, kwa hiyo nayo inaongeza udongo wake. Mchanga unajaa mtoni, kina kinapungua, mto unatafuta pa kupita. Ukikosa, unapita kwa watu.

Nikimtazama mzee yule akilitaja neno udongo, niliona aibu kidogo. Kwetu udongo ule ni habari njema. Kwao ni shamba lililoondoka.

Sasa habari ya mama wa maandazi. Anauza karibu na stendi, na siku ya tatu alikuwa ameshaanza kuniita mwanangu. Nilipomwambia kwetu ni Saadani, mto huu unapoingilia baharini, aliacha kukanda unga. Akanieleza Desemba ya 2009. Ilikuwa siku za Krismasi, watoto wamelala na nguo mpya wamezikunja pembeni. Mji ulikuwa unalindwa na tuta la enzi za mkoloni, na watu walikuwa wamelizoea kama mtu anavyozoea ukuta wa nyumba yake. Maji yakalivunja. Nyumba za udongo, anasema, haziangushwi na maji. Zinalainika kwanza, zinakaa chini kama mtu aliyechoka. Maelfu ya watu walihamia kwenye mahema, na yeye alikaa humo na wanawe muda mrefu kuliko alivyodhani. Vyombo alivipata vingine, godoro alipewa. Kitu anachokitaja mpaka leo ni mlango. Mume wake, aliyekuwa fundi seremala, aliuchonga mwenyewe walipooana, akaupaka rangi ya buluu, na mume huyo alikwisha kufariki kabla ya mafuriko. Aliuona ukitoka mzima na fremu yake, ukaelea kuelekea bondeni. Akaniuliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei tu, "Vitu vinafika kweli huko kwenu?"

Nikamjibu kwamba vinafika. Magogo yanafika, mabua yanafika. Sikusema zaidi.

Maji ya mwaka ule hayakuchukua nyumba peke yake. Wajerumani walipoanza reli ya kati Dar es Salaam mwaka 1905, hata ikafika Kigoma mwaka 1914, waliipitisha kwenye bonde hilihili la Mkondoa, kwa kuwa milima haikuwaachia njia nyingine nyepesi. Tangu hapo reli na mto vinagombea njia moja. Mafuriko yale yaliichimba reli kwa chini, sehemu nyingine ikabaki inaning'inia hewani, na kwa miezi treni za bara zikawa hazipiti. Hii reli mpya ya umeme, iliyoanza kupeleka abiria Dodoma mwaka 2024, imeacha ule ugomvi: inapita juu ya madaraja marefu, halafu inatoboa mlima kwa mahandaki. Nilisimama kwenye kilima jioni moja nikaiona treni yake ikitoka mlimani na taa zake, chini yake reli ya zamani, chini kabisa mto. Reli zote mbili zinafuata nyayo za wale waliotembea kwa miguu.

Na wale waliotembea kwa miguu, babu, ni watu wetu. Wapagazi waliotoka Bagamoyo na hapo hapo Saadani walipita bonde hili na nguo, shanga na nyaya za shaba, wakarudi na pembe za ndovu. Na wengine waliletwa wakiwa wamefungwa. Burton na Speke walipita mwaka 1857. Stanley alipita masika ya 1871, akakuta mbuga ya Mkata imegeuka ziwa la matope, akalalamika sana kwenye kitabu chake. Majina ya waliombebea mizigo vichwani, maji yakiwafika kifuani, ni machache mno yaliyoandikwa. Nilipofika Mkata niliwakumbuka hao kwanza.

Kuna jambo jingine la Kilosa nililoambiwa kwa sauti ya chini. Mto ukipungua wakati wa kiangazi, mkulima na mfugaji wanautazama kwa macho mawili tofauti. Mmoja anaona bustani ya kando ya maji, mwingine anaona njia ya ng'ombe kwenda kunywa. Desemba ya 2000, pale Rudewa Mbuyuni, ugomvi huo uliua watu zaidi ya 30. Nilipita Rudewa ndani ya basi. Ni kijani, kuna watoto njiani, na nilitamani basi lipunguze mwendo.

Kutoka Kilosa kuja Mikumi gari linapita Ulaya. Ndiyo, babu, kuna kijiji kinaitwa hivyo, nami nimefika Ulaya bila pasi ya kusafiria. Kuna mibuyu, vumbi jekundu na watu wakarimu walionipa matunda wakakataa fedha. Kwenye gari lile kila kijito kilikuwa na jina na kila jina lilikuwa na mtu wa kulitaja: Miyombo, kisha vingine vingi ambavyo sikuwahi kuviandika. Vyote vinateremka kwenda Wami.

Hapa Mikumi ndipo nilipojifunza neno. Sisi tunasema mbuga ya wanyama, tukidhani mbuga ni wanyama wenyewe. Dereva aliyenizungusha hifadhini alisimamisha gari, akaokota donge la udongo mweusi, akalilowesha kwa maji ya chupa. Likawa gundi. "Mbuga ndiyo hii," akasema. Uwanda wa udongo mweusi unaoshika maji ya masika na kukataa kuyaachia, ndiyo maana majani yanabaki na wanyama wanabaki. Hifadhi ilianzishwa mwaka 1964, ina kilomita za mraba 3,230, na moyo wake ni huu uwanda wa Mkata. Nimeona nyumbu na pundamilia wengi, twiga, pofu kwa mbali, tembo wakichimba mchangani kwa miguu na kungoja maji yajae kwenye shimo. Nilikaa zaidi kwenye bwawa la viboko, si mbali na lango kuu. Wanalala wamerundikana kama magunia ya chumvi, masikio yakitikisika, mamba kajilaza kando kama gogo, na korongo wanatembea katikati yao kwa hatua za mtu anayeogopa kulowesha kanzu. Ukifika mwezi wa kumi, bwawa ndilo mji. Kila mnyama analijua na hakuna wa kumfukuza mwenzake moja kwa moja.

Kinachoumiza ni barabara. Ile kuu ya Zambia inaipasua hifadhi kwa kilomita 50 hivi, na ingawa kuna vibao vya mwendo na faini zimeandikwa kwa kila mnyama, asubuhi moja tulimkuta swala amelala ukingoni, bado ana joto. Dereva alishuka akamvuta nje ya lami ili fisi naye asije akagongwa. Hakusema neno mpaka tulipofika mjini.

Juzi nilikwenda mpaka Malolo, unashukia Ruaha Mbuyuni halafu unaingia ndani. Ningekuwa na uwezo ningekuleta. Ni nchi kavu kabisa, mibuyu na miiba, kisha ghafla kijani kinakupiga usoni: vitunguu, majaruba kwa majaruba. Siri yao ni mfereji. Mto Mwega una banio, maji yanaingia mfereji mkuu, kutoka hapo yanagawanywa kwenye vijifereji, na kila mtu ana zamu yake. Kijana mmoja aliniambia zamu yake ni saa nane usiku, naye huenda na tochi na jembe, anabomoa kingo kwa jembe, anakaa juu ya jiwe akisikiliza maji yakinywewa, na saa yake ikiisha anaziba kwa matope ili jirani apate. Nikamuuliza, na mtu akizidisha? Akasema kuna kamati, kuna faini, lakini kubwa zaidi ni kwamba jirani yuko macho anakusubiri, anakuona. Nilikaa pale mpaka giza likaingia. Sauti ya maji yanayopita mferejini usiku inafanana na ile ya maji kupwa kutoka kwenye mikoko yetu.

Ila maji yale si yako. Mwega unaingia Ruaha Mkuu, unapita kwenye mitambo ya umeme ya Kidatu, tena kwenye bwawa la Nyerere, ukafike kwa wavuvi wa Rufiji. Nao wana babu zao wanaoyaonja.

Nimenunua vitunguu, nimevipakia kwenye basi la Chalinze, mtu wetu atavipokea. Vianike kivulini, usiviache kwenye gunia.

Sasa swali. Banda lako la nyavu lina mlango wa mbao ulioliwa na chumvi, na penye bawaba bado kuna rangi ya buluu. Nikiwa mdogo uliniambia uliuokota ukielea mlangoni mwa Wami. Sisemi ndio ule. Milango ya buluu ni mingi na mto ni mrefu. Nataka tu kujua uliuokota mwaka gani, na kama upande wa ndani kuna alama yoyote ya fundi. Mwambie mdogo wangu auangalie vizuri kwa taa. Ijumaa napita tena Kilosa, na yule mama nimemwahidi nitakunywa chai kwake.

Wasalaam,
mjukuu wako