Nyambizi iliyozama mara mbili, na nganya ya brathe yangu

Wasee, kuna mtu aliniuliza kwenye komenti kwa nini siku hizi nimekuwa msee wa meli na bahari, na mimi hata kuogelea sijui. Swali ni la haki. Wacha nijibu, lakini itabidi nianze mbali na bahari, pale stage.

Brathe yangu ni konda. Mwaka juzi mat aliyokuwa anafanyia kazi ilikosa breki kwenye mteremko, ikatoka barabarani na kugonga ukuta. Watu wawili walifariki. Yeye alivunjika mguu, akakaa nyumbani miezi minne akitazama dari. Siku aliyorudi kazini akanipigia simu: "Kuja uone kitu." Nikaenda. Kulikuwa na nganya mpya kabisa, rangi ya zambarau, picha ya mchezaji wa mpira ubavuni, jina jipya mbele, muziki unatingisha vioo. Nikamwambia hii imeweza. Hakucheka. Akaniingiza ndani, akainama chini ya kiti cha tatu upande wa dereva, akanionyesha chuma kilichopinda, na juu yake herufi mbili ambazo yeye mwenyewe alikwaruza kwa msumari siku moja wakiwa kwenye jam.

Ilikuwa ile ile.

Kisha dereva akapiga honi, brathe akaning'inia mlangoni, wakaenda. Nikabaki pale nimeshika smoki imepoa.

Usiku huo sikulala. Nilikuwa natafuta kwenye simu kama kuna mahali pengine duniani watu hufanya hivi: chuma kinaua, kinaoshwa, kinapewa jina lingine, kinarudishwa kazini. Ndio nikakutana na Thetis.

Thetis ilikuwa nyambizi ya jeshi la majini la Uingereza, mpya kutoka kiwandani kwa Cammell Laird, mji wa Birkenhead. Tarehe 1 Juni 1939 ilipelekwa Ghuba ya Liverpool kujaribiwa kupiga mbizi. Ndani walikuwa watu 103, karibu mara mbili ya idadi ya kawaida, kwa sababu mbali na mabaharia kulikuwa na mafundi wa kiwanda, maafisa waliokuja kutazama, hata wahudumu wa chakula. Raia wangeweza kushuka kwenye tagi iliyowasindikiza kabla ya kuzama. Wakabaki. Si unajua vile mtu huwa, umejenga kitu kwa mikono yako miaka na miaka, unataka kukiona kikifanya kazi.

Alasiri wakaanza kupiga mbizi, na nyambizi ikakataa kushuka vizuri. Ilikuwa nyepesi sana mbele. Karatasi ya mahesabu ya uzito ilisema paipu za kurushia topido namba 5 na 6 ziwe zimejazwa maji, ili kufidia uzito wa topido ambazo hazikuwepo. Kwa hivyo afisa wa topido, Luteni Frederick Woods, akaenda mbele kuangalia kama kweli kuna maji.

Hapa naomba usome polepole, kwa sababu kila kitu kiko hapa. Paipu ya topido ina milango miwili. Wa nje unafungukia baharini, wa ndani unafungukia chumba ambamo watu wamesimama. Hiyo milango haifai kuwa wazi kwa wakati mmoja, hata kwa sekunde. Sasa utajuaje kama paipu imejaa bahari kabla hujafungua mlango wa ndani? Kuna koki ndogo kwenye ule mlango. Unaifungua. Maji yakiruka, unaacha mlango kama ulivyo. Yasipotoka, paipu ni kavu, fungua.

Wakafungua namba 1 mpaka 4, hakuna shida. Namba 5, koki haikutoa maji. Wakafungua mlango. Bahari yote ikaingia.

Mlango wa nje ulikuwa wazi. Kwa nini ulikuwa wazi, watu wamebishana miaka mingi, na vile mishale ya kuonyesha milango ilivyopangwa haikusaidia, kwa sababu namba 5 haikusoma kama wenzake. Lakini koki je? Koki ilikuwa nzima. Shida ni kwamba wakati paipu inapakwa rangi ndani, rangi nzito ya lami ya kuzuia kutu, kiasi kidogo kiliziba katundu ka hiyo koki. Ni rangi tu, manze. Na kulikuwa na kijiti maalum cha kuzibulia katundu hako, kimewekwa kwa kazi hiyo. Hakikutumika.

Wakakimbia nyuma, wakajaribu kufunga mlango wa kuzuia maji. Komeo likanasa, mlango ukakataa kukaza. Ikabidi warudi hadi mlango unaofuata, na hapo vyumba viwili vya mbele vilikuwa vimejaa. Nyambizi ikaenda kichwa chini mpaka mchangani, kina cha mita 45 hivi.

Nyambizi yenyewe ilikuwa na urefu wa zaidi ya mita 80. Piga hesabu. Waliokuwa ndani walifanya hesabu hiyo pia, wakahamisha maji na mafuta kupunguza uzito wa nyuma, na asubuhi ya tarehe 2, meli ya kivita Brazen ilipoikuta, mkia ulikuwa umetokeza juu ya maji. Watu waliupanda. Wamesimama juu ya chuma, na chini ya miguu yao kuna watu karibu mia moja wanaopumua.

Kupumua ndiko kuliwaua. Nyambizi hiyo ilikuwa na hewa ya kutosha mabaharia wake, si 103. Ile hewa tunayoitoa puani ikizidi, kichwa kinauma kama kimegongwa nyundo, unahema mbio, halafu akili inaanza kuchelewa. Kulikuwa na chumba kidogo cha kutokea, watu wawili kwa zamu, ukiwa na kifaa cha kupumulia. Kapteni Oram na Luteni Woods wakatoka kwanza, Oram akiwa amejifunga mkononi maandishi ya jinsi ya kuokoa waliobaki. Baadaye wakaingia wanne kwa pamoja, kuokoa muda. Hao hawakufika juu. Kisha fundi wa injini wa jeshi, Walter Arnold, na fundi wa kiwanda, Frank Shaw, wakatoka. Baada yao hakutoka mwingine.

Wanne. Tisini na tisa wakabaki. Alasiri hiyo waya uliofungwa kushikilia mkia ukakatika, mkia ukazama mbele ya macho ya wote. Hadi leo kuna watu wanauliza kwa nini hawakutoboa tundu pale nyuma wakati bado kulikuwa na nafasi. Mimi ni mtoto wa juzi, siwezi kujifanya injinia, lakini hilo swali linanikera bado.

Iliinuliwa polepole, na mpigambizi mmoja wa jeshi akafia kazini wakati wa kuiinua, kwa hivyo wengine humhesabu kama wa mia moja. Ikafikishwa ufukweni kwenye kisiwa cha Anglesey, Wales, tarehe 3 Septemba 1939. Angalia hiyo tarehe tena. Ni siku ileile Uingereza ilipoitangazia Ujerumani vita. Habari ya siku ikawa nyingine. Baadhi ya waliotolewa ndani wakazikwa pamoja Holyhead.

Vita vinataka chuma. Wakaisafisha, wakairekebisha, na Oktoba 1940 ikarudi baharini na jina jipya: Thunderbolt. Yaani radi.

Mara ya kwanza kusoma hapo nilikasirika. Nikaona ni yale yale ya zambarau na picha ya mchezaji. Lakini ukiendelea, stori inakuwa ngumu kidogo kuichukia, kwa sababu Thunderbolt ilifanya kazi. Nahodha wake alikuwa Cecil Crouch. Tarehe 15 Desemba 1940, miezi miwili tu baada ya kurudi, iliivizia nyambizi ya Italia, Tarantini, karibu na mdomo wa mto Gironde huko Ufaransa, ikaizamisha. Mwaka 1941 ikasindikiza misafara ya meli Atlantiki, kisha ikapelekwa Mediterania. Januari 1943 yeye na nyambizi mwenzake Trooper walibeba vile vyombo ambavyo watu wawili hukaa juu kama wamepanda punda, wamevaa mavazi ya kupiga mbizi, wanaingia bandarini usiku kutega bomu. Waliingia bandari ya Palermo, Sicily, na kuizamisha Ulpio Traiano, meli mpya ya kivita ya Italia ambayo hata haikuwa imemaliza kujengwa. Hiyo ukiitengeneza sinema watu watasema umedanganya.

Na mabaharia wake walijua wanalala ndani ya chuma gani. Hilo ndilo lilinibadilisha mawazo kidogo. Jina lilibadilika, lakini hawakudanganywa.

Tarehe 14 Machi 1943, karibu na rasi ya San Vito huko Sicily, meli ndogo ya kivita ya Italia, Cicogna, iliinasa na kuimwagia mabomu ya kulipukia majini. Hakutoka mtu. Mara ya kwanza wanne, mara ya pili sifuri, Crouch akiwemo. Kuna watu wanapenda kusema ilikuwa na laana. Mimi nakataa. Mara ya kwanza iliuliwa na rangi, mara ya pili na adui aliyeijua kazi yake. Hayo ni mambo mawili tofauti kabisa, na ukiyaita laana unamsaidia mtu fulani kukwepa swali.

Swali lenyewe wajane waliliuliza. Walienda kortini. Serikali ikakataa nyaraka zisitolewe, pamoja na michoro ya nyambizi, na mwaka 1942 majaji wa juu kabisa wakakubaliana nayo: wakati wa vita, siri ni siri. Kesi ikaendelea hadi 1946, na mwisho wake ukawa kwamba hakuna wa kulipa. Si kiwanda, si waliopaka rangi, si Luteni Woods. Kila mtu alikuwa amekosea kidogo tu, na hayo madogo yote ukiyajumlisha, kwa sheria, jibu ni sifuri.

Sijui kama unaona kwa nini ilibidi nimsimulie brathe. Wale wawili wa kwenye mat, familia zao bado zinaambiwa warudi wiki ijayo. Mwenye gari anasema ni fundi. Fundi anasema aliomba spea mpya, akapewa ya zamani. Dereva anasema aliambiwa gari iko sawa.

Lakini kuna kitu kimoja Waingereza walifanya, na hiki ndicho nilitaka kumwambia. Baada ya Thetis, milango ya ndani ya paipu za topido kwenye nyambizi zao iliwekewa kishikizo kidogo. Ukifungua, mlango unaachia mwanya mdogo tu kwanza. Kama kuna bahari nyuma yake, utaiona kabla haijakuona, na unaweza kufunga tena. Hicho kishikizo kikaitwa klipu ya Thetis. Kwa hivyo jina walilolifuta mbele ya nyambizi moja liliingia ndani ya zile zingine, mahali ambapo baharia anaweka mkono wake kila siku. Nganya ya brathe ilipata rangi, spika na jina. Nilimuuliza kuhusu breki. Akasema, "Zilipakwa rangi pia."

Nilimsimulia yote haya Jumapili tukila. Alisikiliza mpaka mwisho, mguu ule mbaya ameunyoosha juu ya stuli. Hakujali mambo ya Palermo wala majaji. Aliuliza kuhusu kale kajiti ka kuzibulia.

"Kalikuwa hapo hapo?"

"Hapo hapo."

Akanyamaza. Siku hizi yeye huamka saa kumi, anafika kabla ya dereva, anaingia chini ya gari na tochi ya simu kuangalia paipu za breki kama zinavuja. Si kazi yake na halipwi. Mwenye gari alishamwambia anapoteza wakati wa trip ya kwanza. Mara mbili amepata uvujaji, mara mbili wakamchekelea, mara mbili fundi akaitwa.

Nikamuuliza kama ashawahi kuwaambia abiria kuwa hii ni ile ile.

"Niwaambie nini?" akasema. "Nikiwaambia watashuka. Na mimi nitashuka nao, mwezi hujaisha, na wewe ndio utanilipia nyumba?"

Sikuwa na jibu. Nikamwongezea mboga.