Nilivyooka ‘Kabichi’ za Kifaransa Ukweni Kilolo

Mwenzenu nimetoka ukweni. Nilikwenda Kilolo, mkoani Iringa, nikiwa na sentensi moja tu niliyoifanyia mazoezi njia nzima: “Mama, mimi huku sihamii.” Nimerudi sijaisema. Subirini niwasimulie.

Mume wangu ni Mhehe wa Kilolo. Tuko kwenye ndoa mwaka wa sita, tunaishi Dar es Salaam, na mimi riziki yangu inatoka kwenye oveni. Naoka keki za harusi na za kicheni pati, lakini kinachonitoa zaidi ni shu, vile vikeki vya Kifaransa vyepesi kama puto, ndani vimejazwa kastadi. Tangu baba mkwe afariki, nyumbani kukawa na wimbo mmoja: turudi Kilolo, mama yuko peke yake, shamba la miti halina mtu. Akianza tu, nilikuwa namkata kauli. Tukafika mahali tunaongea habari za luku na ada za watoto, basi. Kama umeolewa unajua ukimya wa namna hiyo unavyouma kuliko ugomvi.

Siku moja akaniambia, “Nenda ukakae na mama wiki moja. Ukirudi, utakachosema sitakibisha.” Nikafunga begi. Humo nikatia siagi, unga na sukari. Nilitaka kumwonyesha mama mkwe kwamba kazi yangu ni ya mjini, ya oveni na umeme.

Kutoka Dar hadi Iringa mjini ni kama kilomita 500. Ukishapita Mikumi unashuka Ruaha Mbuyuni, kwenye joto, mibuyu na vitunguu. Wengi hawajui kwamba hapo tayari umeingia wilaya ya Kilolo. Kisha basi linaukabili mlima Kitonga, kona juu ya kona, malori yanatambaa kama kobe. Ukiibuka juu, dirisha unalifunga mwenyewe. Ilula wanakupokea na nyanya. Lakini Kilolo ya ukweni kwangu inakuzungusha: unakwenda kwanza mpaka Iringa, unashuka Ipogolo, unatafuta gari jingine, halafu unapanda tena. Huko ni misonobari, milingoti, na vichaka vya mianzi inayogemwa ulanzi wakati wa mvua. Upande wa mashariki milima inaungana na Udzungwa, hifadhi ya taifa tangu mwaka 1992. Mwezi wa saba, saa kumi jioni, ukungu ulikuwa umeshafunika njia. Meno yalinigonga, jamani!

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu. Kamwene!”

Nikajibu “kamwene” kwa lafudhi yangu ya Tanga, akacheka mpaka akashika mlango. Akanivuta jikoni, kwenye moto.

Siku ya tatu nikatoa vitu vyangu. Kwa wasiojua, shu haina hamira wala baking pauda. Inaumuliwa na mvuke. Unachemsha kikombe 1 cha maji na gramu 100 za siagi na chumvi kidogo, unamwaga kikombe 1 cha unga kwa mkupuo, unasonga kama ugali mpaka uachane na sufuria. Unaacha upoe kidogo, kisha unatia mayai, moja moja, huku unapiga. Ikiingia kwenye moto mkali, maji yaliyomo yanageuka mvuke na kuisukuma iwe na tundu katikati, na yai likiiva linakuwa ukuta.

Oveni hakuna. Mama akanipa sufuria kubwa, tukatandika mchanga, tukaweka mawe matatu, juu yake bati, tukafunika na kupalia mkaa juu ya mfuniko. Moto chini, moto juu. Mwenyewe nikawa roho juu. Kila dakika tano nafunua, nachungulia, nafunika. Zilipanda vizuri kweli, halafu mbele ya macho yangu zikalala chapaa, kama chapati zilizokosa mpishi.

Nikaanza kutoa sababu. Nikamwambia mama kwamba huku ni juu sana, na si uongo: kila ukipanda meta 300 hivi, maji huchemka kwa joto pungufu kwa nyuzi 1, kwa hiyo kwenye meta 1,800 yanachemka karibu nyuzi 94. Hewa ni nyepesi, mvuke unawahi kusukuma kabla ukuta haujakaza. Tena mayai ya kienyeji ni madogo, manne yale si manne ya dukani. Na yalikuwa ya baridi kama mawe.

Mama akanisikiliza mpaka mwisho. Yeye ana tabia hiyo, anakuacha umalize. Kisha akasema, “Yote hayo sawa, mwanangu. Lakini mbona unafunua sana? Kitu hakijawa, wewe ushafunua.”

Siwezi kuwaficha, nilinyamaza. Nilijua anazungumzia sufuria, ila mimi nilimsikia mume wangu.

Jioni ile, tukiota moto, nikaona bora yaishe. Nikamuuliza kama ni kweli anataka tuhamie. Akanitazama kwa mshangao. “Nani kasema? Mimi nilimwomba aje wakati wa mvua tupande miti pale alipokata baba yake. Habari ya kuhama ni yake mwenyewe. Hujamuuliza kwa nini?”

Sikuwa nimemuuliza. Miaka miwili nilikuwa najibu tu.

Kesho yake tukarudia. Mayai tuliyaweka kwanza kwenye maji ya uvuguvugu, tukatumia matano, tukitazama uji wenyewe badala ya kuhesabu: ukiinua mwiko, udondoke taratibu na kuacha ulimi uliochongoka. Siagi nilipunguza kidogo. Moto ukawa mkali zaidi juu. Nikakaa juu ya mikono yangu nusu saa nzima! Nilipofunua, zilikuwa za dhahabu, zimetuna. Nikazitoboa kila moja kwa kijiti mvuke utoke, nikazirudisha dakika kumi zikauke, maana shu mbichi ndani lazima ianguke. Kastadi nikapika kwa maziwa yaliyokamuliwa asubuhi, juu nikamimina matunda damu niliyoyachemsha na sukari.

Nikamweleza mama kwamba jina lake kwa Kifaransa maana yake ni kabichi, kwa vile zikiumuka zinafanana nazo. Akaangalia nje, kwenye bustani yake yenye kabichi halisi, akacheka tena. “Basi hizi ni kabichi za hewa.” Alikula nne. Wifi yangu alimwambia jirani, na kesho yake watoto wa jirani wakaja kuuliza kama kabichi zimebaki.

Nilirudi Dar Jumapili usiku. Mume wangu alinipokea stendi, akabeba begi, akanisubiri niseme neno langu. Nikamwambia, “Anza wewe. Leo sikukatizi.”

Ilimchukua muda. Ndipo akaniambia kwamba baba yake alizikwa siku ya Jumatano, na Ijumaa yeye alikuwa ameshageuza kurudi kazini. Hakuwahi kukaa. Hajawahi kulisimamia lile shamba akalitazama bila baba yake ndani yake. Alilia, na mimi nilikuwa sijawahi kumwona akilia.

Tumekubaliana kwamba mvua zikianza atakwenda miezi mitatu, apande miti na mama. Mimi nitabaki na oveni yangu, nitamfuata Krismasi na watoto. Baada ya hapo tutaongea tena. Inawezekana akasema turudi Kilolo moja kwa moja, na mimi jibu sina bado. Nikiwa nalo nitampa, lakini akishamaliza kusema.

Shosti, kama umeolewa mbali, kaa na mama mkwe wako wiki nzima, si siku ya sikukuu tu. Beba sweta. Na ukijaribu shu zako kwenye sufuria ya mkaa, mikono ikae mbali na mfuniko.