Wahusika waliosahauliwa katika viwanja vya Idi

Siku ya Idi el-Fitri ya mwaka jana, baada ya swala na baada ya kuwazungukia jamaa kwa mkono wa Idi, sisi wazazi wawili tuandikao makala haya tuliwachukua watoto wetu watatu hadi uwanjani. Hapa kwetu Mbangala, wilayani Songwe, hakuna bustani ya burudani wala kiwanja chenye mabembea ya kudumu. Furaha ya watoto katika sikukuu hutegemea wachuuzi wanaokuja na mali zao: muuza aiskrimu, mpiga picha, muuza maputo. Mwaka huo, kwa mara ya kwanza, ilikuja pia kirikuu kutoka Tunduma ikiwa imebeba jenereta, jumba la upepo la kurukia, na turubai pana lililochorwa wahusika wa filamu za watoto. Ada ilikuwa shilingi 500 kwa dakika kumi.

Turubai lile lilikuwa na binti wa kifalme wa nchi ya barafu, mwenye nywele za dhahabu. Lilikuwa na kijana wa buibui arukaye juu ya majumba. Upande wa kushoto alikuwapo Simba, mwana wa mfalme, na nyuma yake Rafiki, yule nyani mzee mwenye fimbo. Watoto waliokuwa kwenye foleni wakaanza kugawana majina, kama ilivyo kawaida ya watoto. Mtoto mmoja mweupe wa rangi akapewa ubinti wa kifalme. Kaka yake binti yetu akajitwalia Simba. Binti yetu wa kati, ambaye ni mweusi kuliko wenzake na wakati huo alikuwa na umri wa miaka saba, aliuliza yeye atakuwa nani. Binamu yake akamjibu bila kusita, "Wewe ni Rafiki." Foleni nzima ikaangua kicheko.

Hakuingia ndani ya jumba lile. Alirudi na shilingi zake mkononi, akaketi karibu na mama yake, akanyamaza hadi magharibi. Usiku tulipomdadisi alitueleza. Baba alidhani amepata dawa ya haraka, akamwambia kwamba katika filamu ile Rafiki ndiye mwenye hekima kuliko wote, na kwamba neno lenyewe ni zuri, ni neno letu la Kiswahili. Binti alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Sawa baba, lakini ni nyani." Hatukuwa na jibu. Asubuhi yake alikataa kuvaa gauni lake jipya la Idi, na kwa majuma kadhaa jina lile lilimfuata shuleni na madrasa.

Ndugu wasomaji, yako majeraha ambayo mzazi huyaona madogo kwa kuwa hayatoi damu. Sisi tulikaribia kulichukulia jeraha hili hivyo. Lakini neno "rafiki" ni miongoni mwa maneno ya kwanza tuliyomfundisha mtoto huyu, na sasa amelichukia. Jambo hilo lilitufanya tujiulize: ni nani huamua sura zipi zisimame mbele ya watoto wetu siku ya furaha yao, na ni nani aliyeachwa nje?

Filamu ile ya Simba ilitolewa na kampuni ya Disney ya Marekani mwaka 1994. Majina mengi ndani yake yametoka kinywani mwetu. Simba ni simba. Pumbaa, yule ngiri, amepewa jina la mtu aliyepumbaa. Sarabi, mama yake Simba, jina lake ni mazigazi. Fisi mmojawapo ameitwa Shenzi. Hata maneno "hakuna matata" yalisajiliwa na kampuni hiyo nchini Marekani mwaka 2003 kuwa alama yake ya biashara kwa mavazi, na mwaka 2018 maelfu ya watu walitia saini ombi la kuipinga hatua hiyo.

Wamarekani hawakuishia kwenye maneno. Mwaka 1998, katika jimbo la Florida, Disney ilifungua bustani ya burudani ambayo ndani yake kuna kijiji cha kubuni kiitwacho Harambe. Waliokibuni walitazama majengo ya pwani yetu, hususan mji wa Lamu, wakaiga kuta zake na vibao vyake vya Kiswahili. Katika bustani hiyohiyo kuna onyesho la wahusika wa filamu ya Simba. Hatusemi kwamba hilo ni kosa. Kuigwa ni aina ya heshima. Ila tazameni kilichochukuliwa: maneno yetu, wanyama wetu na kuta zetu. Katika kisa kizima cha Simba hakuna binadamu hata mmoja. Mtoto wa Mbangala akitaka kujitafuta humo kwa lugha yake mwenyewe, atajikuta ama simba, ama ngiri, ama nyani.

Je, hakuna filamu yenye binti wa kwetu ndani yake? Ipo, tena ni ya kampuni hiyohiyo. Mwaka 2016 ilitoka filamu iitwayo "Queen of Katwe", iliyoongozwa na Mira Nair, yenye kusimulia kisa cha kweli cha Phiona Mutesi, binti wa mtaa wa Katwe mjini Kampala. Phiona aliuza mahindi mitaani kumsaidia mama yake. Alifundishwa mchezo wa sataranji na mwalimu Robert Katende, akafika kuiwakilisha Uganda katika mashindano ya kimataifa. Tunajua kwamba masheikh wana kauli mbalimbali kuhusu mchezo huo, nasi hatuingii humo. Tunachokitazama ni binti mwenyewe: mweusi, maskini, mwenye subira, anayefikiri kabla ya kutenda. Binti wa namna hiyo tunaye katika kila nyumba ya tatu hapa kijijini, akiwa na beseni la mahindi au karanga kichwani. Pamoja na hayo, hatujapata kumwona Phiona kwenye turubai lolote, begi lolote wala puto lolote lililofika kwetu.

Wapo pia wa hapa nyumbani. Tangu mwaka 2014 shirika la Ubongo la Dar es Salaam limekuwa likitengeneza katuni za kufundisha kwa Kiswahili. Kiduchu na wenzake wa "Ubongo Kids" hutatua matatizo ya kijiji chao kwa hesabu na sayansi. Akili, wa "Akili and Me", ni mtoto wa miaka minne anayeishi chini ya Mlima Kilimanjaro, na kila alalapo huingia katika nchi ya ndoto anakojifunza herufi na namba. Watoto wetu wanawajua kwa majina. Huwatazama kwa jirani mwenye runinga, au kwenye simu ya shangazi yao anapokuja. Lakini siku ya Idi, uwanjani, watoto hao wa kwetu hawapo.

Tulimwuliza mwenye jumba la upepo, kwa adabu, kwa nini hana sura hizo. Alitujibu kwa ukweli: majumba yale hununuliwa yakiwa tayari yameshachorwa, na mtoto hukimbilia anayemjua. Hoja yake ina nguvu, lakini ni duara. Huchorwa anayejulikana, naye hujulikana kwa kuwa amechorwa. Tulipotaka kumlaumu tuliona aibu, maana begi la shule la binti yetu lina picha ya yule binti wa barafu, na aliyelinunua ni sisi. Tulilichagua wenyewe sokoni kwa kuwa lilikuwa linang'aa.

Ilipokaribia Idi el-Adh'ha tulilipeleka jambo hili mbele ya kamati ndogo ya wazazi wa madrasa. Kijana mmoja alishauri tuchore turubai letu, tuwaweke Kiduchu, Akili na Phiona wakiwa wakubwa kuliko wote. Mzee wetu mmoja wa msikiti akatikisa kichwa. "Wanangu," alisema, "mnataka kuondoa picha moja kwa kuleta picha nyingine. Msituletee masanamu siku ya kuchinja."

Mjadala ukawa mrefu, lakini wa heshima. Mwalimu wa madrasa alitukumbusha yaliyopokewa katika hadithi, kwamba Bi. Aisha (r.a.) alipokuwa binti alikuwa na wanasesere, miongoni mwao farasi mwenye mabawa, naye Mtume (s.a.w.) alipomwona farasi huyo alicheka. Wengine wakataja kauli za wanazuoni wenye kukataza michoro ya viumbe wenye roho. Kijana yule naye akakumbuka kwamba katuni zina wenyewe, na kuzichora kwa biashara bila idhini ya waliozibuni ni kula haki ya mtu.

Ndipo mzee akasimulia jambo lililotufungua macho. Siku ya Idi, katika msikiti wa Mtume (s.a.w.) mjini Madina, Wahabeshi walicheza kwa mikuki na ngao. Mtume alimsitiri Bi. Aisha kwa nguo yake, akamwacha atazame kutoka nyuma ya bega lake mpaka alipotosheka mwenyewe. "Sasa nyie," mzee akasema, "mnahangaika na turubai la Tunduma. Waliochezesha sikukuu mbele ya Mtume walikuwa Waafrika, nao hawakuwa picha. Walikuwa watu wenyewe."

Tulitoka pale tukiwa na shauri jipya. Mhusika si lazima achorwe ndipo awepo. Anaweza kuwepo kwa kazi anayoifanya.

Siku ya Idi el-Adh'ha tuliweka sehemu nne chini ya mwembe, mkabala na jumba la upepo, ambalo lilirudi kama tulivyotarajia. Ya kwanza tuliiita Duka la Kiduchu: mizani, kopo, mahindi makavu na maswali ya hesabu, na apataye jibu hupewa kashata. Ya pili ilikuwa ya wadogo, Nchi ya Akili, ambako walitafuta herufi zilizofichwa ndani ya mchanga. Ya tatu ilikuwa Katwe. Hapo tulichimba bao ardhini, safu nne za mashimo manane manane, na mbegu 64. Mzee aliliridhia kwa masharti mawili: pasiwe na kamari, na adhana ikisikika mbegu ziwekwe chini. Ya nne ilikuwa mkeka wa bibi, aliyesimulia visa vya Sungura na vya Abunuwasi hadi sauti ikamkauka.

Kusema kweli, hatukushinda foleni ya jumba la upepo. Ilikuwa ndefu kuliko zetu zote nne zikijumlishwa pamoja, na watoto wetu wawili wa kiume walikuwa ndani yake. Mtoto anapenda kuruka, na hilo si dhambi. Lakini wapo waliotoka kuruka wakaja mwembeni, na wapo ambao wazazi wao hawakuwa na shilingi 500, wakaanza na sisi na kumaliza na sisi.

Sehemu ya Katwe tulimkabidhi binti yetu. Kwa wiki tatu tulimsimulia kisa cha Phiona na kumwonyesha vipande vya filamu kwenye simu, na kila jioni babu yake alimfunza bao. Mchana ule alikuja binamu yake, yule aliyempa jina la nyani. Walicheza mara tatu, akafungwa mara tatu. Mara ya nne alisema kwa sauti ya chini, "Nifundishe." Binti yetu akamfundisha. Hakumkumbusha ya nyuma, nasi hatukumkumbusha. Jioni aliturudishia mbegu, akazihesabu zikatimia 64, akasema mwaka ujao atavaa gauni lake.

Tunayaandika haya kwa kuwa tunaamini si Mbangala pekee penye binti wa namna hii. Mwezi Mei 2025 Disney ilitangaza kwamba kituo chake cha saba cha bustani za burudani kitakuwa katika kisiwa cha Yas, Abu Dhabi, nchi ya Waislamu ambako jamaa zetu wengi wanaishi na kufanya kazi. Huenda sauti ya mzazi wa Songwe isifike huko. Hata hivyo, kama ipo nafasi ya binti wa barafu na kijana wa buibui, basi ipo nafasi ya binti wa Katwe, tena mahali pa mbele. Wenye viwanja vya watoto hapa nchini nao wanaweza kuomba idhini kwa waliowabuni Kiduchu na Akili, wakawapa nafasi kubwa kuliko hii ya kutokuwepo kabisa.

Ama sisi wazazi, tuanze na lililo mikononi mwetu. Kabla hatujanunua begi, tuulize sura iliyo juu yake inamwambia nini mtoto wetu kuhusu yeye mwenyewe. Na Idi ijayo, insha-Allah, kabla hatujatoa shilingi 500, tutenge mti mmoja wenye kivuli, mkeka, bibi mwenye visa na mashimo 32 ardhini. Gharama yake kwetu ilikuwa kashata na jasho la kuchimba.

Wabillahi tawfiq.