Kisu cha Kukunja na Komeo Lake

Katika nyumba zetu za hapa Lukafu ni vigumu kutaja chombo chenye kazi nyingi kuliko kisu. Kisu chamenya mihogo, chakata sombe, chapasua samaki wa mtoni, chachonga mpini wa jembe. Tena jioni chamchongea mtoto kalamu yake. Wakulima na wavuvi wengi hupenda kisu cha kukunja, kwa kuwa hukaa mfukoni pasipo kutoboa nguo. Lakini kisu cha namna hiyo kina hatari yake: kilichoumbwa ili kikunjwe chaweza kujikunja chenyewe, wakati vidole vingali njiani.

Wazazi wa wanafunzi wangu wameniuliza mara nyingi: Mwalimu, visu hivi vyafanana kama mapacha, na bei zake hazifanani, je, tununue kipi? Mithali yasema, chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini sokoni chema na kibaya hulala juu ya turubai moja, navyo vyang'aa sawasawa. Basi yafaa tujifunze kuvipambanua.

Tuanze na komeo. Visu vingi vya mfukoni vina komeo mgongoni mwa mpini, yaani ufito wa chuma wenye jino mwishoni. Kamani, ndiyo springi, yausukuma ufito huo daima. Shina la bapa limekatwa pengo. Kisu kikifunguliwa mpaka mwisho, jino laingia katika pengo kwa mlio mdogo, wala bapa haliwezi kurudi mpaka mtu aubonyeze ufito. Usalama wote wa mkono wategemea jino hilo, ambalo si kubwa kuliko punje ya hindi. Likichongwa vibaya kidogo tu, komeo ni pambo.

Mafundi wa nchi mbalimbali wameshindana katika kazi hii. Huko Solingen, mji wa Ujerumani wenye sifa ya visu, hutengenezwa Mercator, chenye mpini mweusi wa bamba la chuma na picha ya paka. Mwaka 1964 kampuni ya Buck ya Marekani ilianza kuuza kisu chake namba 110, na komeo la mgongoni likapata sifa kubwa hata likaigwa katika nchi nyingi. Joseph Opinel alianza kutengeneza kisu chake huko Savoie, Ufaransa, mwaka 1890. Lakini pete ya kulifunga bapa iliongezwa mwaka 1955 tu. Tena kuna Okapi, kilichopewa jina la mnyama wa misitu yetu ya Ituri. Kilianza kutengenezwa Solingen mwaka 1902 ili kiuzwe katika makoloni ya Kijerumani ya Afrika. Mwaka 1988 kazi hiyo ilihamia Afrika Kusini. Kisu cha Okapi chenye pete hulia kikifunguliwa, na ili kukikunja ni lazima kuivuta pete, nayo huinua kamani.

Wakati wa likizo niliweka mezani visu viwili vyenye komeo la mgongoni, urefu mmoja, rangi moja. Kimoja kilikuwa na chapa ya kiwanda, cha pili hakikuwa na jina lolote. Nilivifungua, nikashika bapa na kulitikisa. La kwanza halikucheza. La pili lilicheza kushoto na kulia kama jino la mtoto linalotaka kung'oka. Kisha nikaweka vidole mbali na njia ya makali, nikaukandamiza mgongo wa bapa juu ya ubao. Kisu cha kwanza kilistahimili. Cha pili kilistahimili mara mbili, na mara ya tatu jino likateleza, kisu kikajifunga. Kisu cha namna hiyo kilimkata mtoto wa jirani yangu alipokuwa akichonga fimbo; kovu analo mpaka leo, na kidole chake hakikunjiki vema kushika kalamu.

Baada ya komeo, tutazame chuma chenyewe. Nilivinoa visu vyote viwili kwa kinoo kimoja, nikakata kamba ya katani. Makali ya kile kisicho na jina yalilala upesi. Sababu haionekani kwa macho. Chuma cha pua hupashwa moto mpaka kiwe chekundu, kisha huzamishwa ghafula katika mafuta au maji ili kiwe kigumu. Kikiachwa hapo, huvunjika kama kioo. Kwa hiyo hupashwa tena kwa moto mdogo. Fundi mwenye haraka huruka hatua moja, na mnunuzi hajui mpaka afike shambani. Wahenga wetu wa Katanga, walioyeyusha shaba na chuma karne nyingi kabla ya viwanda, wangelielewa jambo hili mara moja.

Wala msidanganywe na mng'ao. Chuma kisichoshika kutu kimechanganywa na kromi, angalau asilimia 10.5, hiyo yakinga kutu, lakini haithibitishi ukali. Chuma kisicho na kromi hugeuka cheusi kikikata ndimu au embe, lakini kikitiwa moto vema hunoleka kwa urahisi. Kikaushwe tu, na kupakwa tone la mafuta ya kupikia.

Je, jina la kiwanda latosha? Lasaidia, lakini halitoshi. Mwaka 1938 sheria ya Ujerumani ilikataza jina la Solingen kupigwa juu ya visu visivyotengenezwa huko. Lakini Laguiole, kijiji cha Ufaransa, kwa miaka mingi hakikuwa na ulinzi kama huo, na jina lake likapigwa hata juu ya visu vya China na Pakistani. Jina laweza kuazimwa; jino la komeo haliazimwi.

Basi, wazazi wapendwa, mkienda sokoni, fungueni kisu mbele ya mwuzaji. Sikilizeni mlio wa komeo. Tikiseni bapa. Kandamizeni mgongo wake juu ya ubao mara tatu, si mara moja. Kisha kikunjeni, mtazame kama bapa linaingia katikati ya mpini pasipo kugusa upande. Mwuzaji akikataa kisu chake kijaribiwe, amekwisha kuwajibu. Na kama fedha haitoshi kununua kisu cha kukunja kilicho chema, nunueni kisu cha kawaida kisichokunjwa, mkifanyie ala ya ngozi. Franka zilizopotea hutafutwa tena, kidole hakioti.