Bakuli la Mtindi Matema

Basi lilipoanza kuteremka kutoka Tukuyu, baridi ya migomba na michai ikabaki nyuma, na joto la Kyela likatupokea kabla hatujauona mpunga. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kufika kaskazini mwa Ziwa Nyasa. Magoti yalikuwa yamekaza kwa kukaa tangu Mbeya, na begini nilikuwa na sulfasalazini, dawa ninayomeza kwa ugonjwa wa vidonda vya utumbo mpana.

Watu hushangaa nikiwaambia kuwa tumbo na magoti yangu yanaugua kitu kimoja. Hata mimi nilichelewa kuelewa. Nilikuwa nikinunua diklofenaki nikidhani ni baridi yabisi tu, kumbe vidonge hivyo huweza kuuchokoza utumbo wenye ugonjwa huu. Nilistuka nilipoona damu chooni. Sulfasalazini yenyewe ilitafutwa kwa ajili ya viungo: Nanna Svartz, daktari wa Sweden, aliandika habari zake mwaka 1942, na ikaonekana inatuliza utumbo pia.

Njiani, upande wa Ipinda, mkulima mmoja alinifunulia sanduku la mbao lililofunikwa majani ya migomba. Ndani mlikuwa na mbegu za kakao. Ute wake mweupe ulikuwa ukiyeyuka, na mvuke wenye harufu ya siki ukanijia usoni. Nikatia kidole, nikakuta mna joto kali. Hamira na bakteria walikuwa kazini. Bila siku tano au sita za kazi yao, hakuna ladha ya chokoleti.

Matema, chini ya Milima ya Livingstone, mama mwenyeji wangu alinitilia mtindi kutoka chungu cha Wakisi, wafinyanzi wa mwambao ule.

“Kunywa, mwanangu, tumbo litatulia.”

“Asante, mama. Maziwa uliyachemsha?”

“Nachemsha kwanza. Yakipoa hata kidole kikivumilia, natia kijiko cha mtindi wa jana, nafunika mpaka asubuhi.”

Nilifurahi mno. Maziwa mabichi huweza kuleta bruselosisi, homa inayouma viungo, na mtu kama mimi angedhani ni ugonjwa wake wa siku zote. Nikanywa mtindi. Ulikuwa mzito, mchachu, na juu yake utando mwembamba wa malai.

Lakini sikutaka kumdanganya mama kuwa nimepona. Ni kweli kuna bakteria anayesaidia tumbo kama langu: mwaka 1917 daktari Mjerumani, Alfred Nissle, alipata bakteria mmoja kwa askari ambaye hakuharisha wenzake walipoharisha. Bakteria huyo amejaribiwa kwa wagonjwa wa vidonda vya utumbo mpana waliokwisha tulia, akawakinga wasirudiwe karibu sawa na mesalazini, dawa ya kawaida ya ugonjwa huo. Huyo ni mmoja, tena kwa kipimo maalumu. Kwa ugonjwa wa Crohn, ndugu wa ugonjwa wangu, hakuna ushahidi wa kutegemea, na mwaka 2020 mwongozo wa madaktari wa tumbo wa Marekani ulishauri bakteria rafiki watumike kwa magonjwa haya mawili ndani ya utafiti tu. Mtindi wa Matema ni chakula kizuri. Nauheshimu hivyo, na vidonge vyangu nilivimeza usiku uleule.

Ndugu msomaji, ukiharisha damu huku viungo vinavimba, mweleze daktari yote mawili siku moja.