Mota Ndogo Ndani ya Mlango

Msomaji wangu, huenda hujapata kuifikiri sauti ile fupi isikikayo mtu afungapo motokaa yake kwa kubonyeza kifungo. Sauti ni moja, lakini milango ni minne, na kila mlango una mtumishi wake. Watumishi hao ni mota ndogo za umeme, kila moja yaenea katika kiganja cha mkono. Hukaa gizani ndani ya bati la mlango, hupewa umeme kwa muda usiozidi sekunde moja, hufanya kazi yao, kisha hunyamaza. Hakuna awakumbukaye hata mmoja wao agome.

Wenye motokaa wa zamani walifunga milango kwa mkono, mmoja baada ya mmoja, kama mtu afungavyo nyumba yake wakati wa kulala. Mwaka 1914 kampuni ya Scripps-Booth ya Marekani ilitia vitasa vya umeme katika motokaa zake za anasa, lakini jambo hilo halikuenea, hata kampuni ya Packard, ya nchi hiyo hiyo, ilipolirudisha mwaka 1956. Leo anasa hiyo imekuwa desturi. Motokaa nyingi zishushwazo bandarini Mombasa kutoka Japani huja na vitasa vya namna hii, nazo huja zikiwa zimekwisha kutumika miaka kadhaa. Basi si ajabu kwamba mota zake huanza kuchoka mikononi mwetu.

Kazi ya mota hii ni rahisi kueleza. Ina nyaya mbili. Umeme wa volti 12 ukiingia kwa waya wa kwanza na kutokea kwa waya wa pili, mota huzunguka upande mmoja na kukisukuma kijiti cha chuma kifungacho kitasa. Umeme ukigeuziwa njia, mota huzunguka upande wa pili, na kijiti huvutwa hata kitasa kikafunguka. Lakini mota ndogo ina wepesi mwingi na nguvu haba. Kwa sababu hiyo mzunguko wake hupitishwa katika magurudumu ya plastiki yenye meno, dogo likizungusha kubwa, hata wepesi upungue na nguvu iongezeke. Hii ni hesabu ile ile ya mashine unayoisoma katika somo la fizikia, nawe ukiielewa hapa huna haja ya kuikariri kule.

Sasa nikuambie kwa nini jambo dogo kama hili lilinishughulisha. Katika nchi yetu twaendesha upande wa kushoto wa barabara. Motokaa ikisimama kando, milango ya kushoto huelekea penye waendao kwa miguu, na milango ya kulia huelekea penye matatu na bodaboda. Mlango wa motokaa yangu ulioharibika ulikuwa wa nyuma, wa kushoto, nao ndio mlango wa binti yangu ashukapo penye lango la shule. Kifungo kilipobonyezwa, milango mitatu ilitii, wa nne ukabaki umefungwa. Mtoto aweza kuinua kwa kidole kile kipini kidogo kilicho chini ya dirisha, lakini mtoto aliyechelewa hana subira ya vipini. Asubuhi moja alitelezea upande wa pili wa kiti na kutaka kushukia kulia, barabarani. Nilimshika mkono. Tangu saa ile sikuihesabu tena kasoro hiyo kuwa kero tu.

Fundi mmoja wa kando ya barabara alinishauri ninunue kile kisanduku kinachoamrisha vitasa vyote, ambacho bei yake ni kubwa. Nilimshukuru, nikaenda zangu kusikiliza mlango. Nasema kusikiliza, kwa kuwa sikio ndicho chombo cha kwanza cha kazi hii, wala hakiuzwi dukani. Ikiwa milango yote minne imenyamaza, shaka iwe juu ya fyuzi, swichi au kisanduku. Ikiwa mmoja tu umenyamaza, shaka iwe juu ya mota yake au nyaya ziendazo kwake. Lakini ikiwa mota yalia na kipini hakisogei, basi umeme umefika, na ubaya uko mbele yake: meno ya plastiki yamelika, au kijiti kimechomoka. Mota yangu ilikuwa ikilia kama nyuki aliyefungiwa katika chupa. Kisanduku hakikuwa na hatia.

Kwa mota iliyo kimya kabisa, taa ndogo ya kupimia yatosha. Chomoa plagi ya mota, gusisha taa katika ncha zake mbili, kisha mwambie mwenzako abonyeze kifungo. Taa ikimeta kidogo wakati wa kufunga na wakati wa kufungua, nyaya ni nzima na mota imekufa. Isipometa, tazama bomba la mpira lililo penye bawaba, kati ya mlango na mwili wa motokaa. Humo ndimo zipitamo nyaya zote za mlango. Mlango ufunguliwao mara 10 kwa siku huzikunja nyaya hizo mara 3,650 kwa mwaka. Shaba gani isiyochoka? Waya uliokatika humo aghalabu haujulikani kwa macho, kwa kuwa ngozi yake ya nje yaweza kuwa nzima.

Kufungua mlango kwataka utaratibu. Kwanza pandisha kioo chote. Kisha ondoa waya hasi wa betri na ungoje dakika chache, maana motokaa nyingi za siku hizi zina mifuko ya hewa ya kumkinga abiria, na nyingine zina vipima-mgongano ndani ya milango. Plagi ya rangi ya manjano uionapo, iache. Skrubu za paneli hujificha: moja nyuma ya kishikio, moja chini ya kifuniko kidogo cha plastiki, nyingine pembeni. Zikiisha kutoka, paneli hubaki imeshikwa na klipu, nazo huachia kwa kuvutwa taratibu, moja moja, mkono ukiwa karibu na kila klipu. Wenye pupa huvuta paneli nzima kwa mara moja na kubaki na vipande. Mwenda pole hajikwai.

Nyuma ya paneli utakuta karatasi ya plastiki iliyogandishwa kwa gundi nyeusi. Nimewaona mafundi wakiichana na kuitupa, wakidhani ni mabaki ya kiwandani. Sivyo. Maji ya mvua huingia mlangoni kila siku kwa kupitia ufa wa kioo, hushuka ndani ya bati, na kutokea katika vitundu vya chini. Karatasi hiyo ndiyo iyazuiayo yasiingie chumbani. Ikitupwa, baada ya masika moja utasikia harufu ya uvundo katika zulia, na hutajua yatoka wapi. Ibandue polepole, uirudishe vile vile. Vaa glavu pia, kwa maana kingo za bati la ndani hukata kama wembe.

Katika motokaa nyingine mota yatoka peke yake kwa skrubu mbili. Katika nyingine imeunganishwa na kitasa chote, na huna budi kukitoa kizima. Yangu ilikuwa ya namna ya kwanza. Nilinunua nyingine, bei yake ikiwa sehemu ndogo sana ya bei ya kile kisanduku.

Iko pia kazi ya kuongeza mota katika motokaa isiyokuwa nazo. Vifaa vyake huuzwa pamoja: mota nne, nyaya, na kisanduku kidogo. Mota ya mlango wa dereva ina nyaya tano. Mbili ni za kuizungusha, tatu ni za swichi iliyo ndani yake, ambayo hupeleka habari kwa kisanduku kwamba dereva amefunga au amefungua, ili milango mingine ifuate. Mota za nyuma zina nyaya mbili tu, kwa kuwa hazina la kusema, kazi yao ni kutii. Kijiti cha mota hushikamanishwa na kijiti cha kitasa kwa kibanio chenye skrubu, navyo sharti viende katika mstari mmoja. Mwendo wake wote ni karibu sentimita 2. Ukikosea kupima, mota itasukuma hata mwisho kabla kitasa hakijafunga. Kabla ya kutoboa bati, teremsha kioo ukaone kipitapo.

Katika kazi zote mbili nina sharti moja nisilolilegeza: mkono uishinde mota. Betri yaweza kufa, motokaa yaweza kugongwa au kuingia majini, na wakati huo hapana umeme wa kutegemewa. Kwa hiyo, betri ikiwa bado imetengwa, inua na ushushe kipini cha kila mlango kwa kidole kimoja. Kikiwa kizito, mota imefungwa vibaya. Ifungue, uanze upya. Usichanganye jambo hili na kile kiwiko kidogo kilicho ukingoni mwa mlango wa nyuma, kizuiacho mtoto asifungue kwa ndani. Hicho hakina uhusiano wowote na mota, nacho kimewafanya wengi kununua mota wasiyoihitaji. Kisha rudisha umeme, teremsha kioo, ujaribu kifungo mara kumi mlango ukiwa wazi, na ufunguo ukiwa mfukoni mwako wala si kitini. Paneli irudi mwisho.

Mota ya zamani sikuitupa. Niliipeleka chuoni, nikawapa wanafunzi wangu wa ualimu pamoja na bisibisi. Waliifungua wakakuta gurudumu moja limepoteza meno manne mfululizo, na mota yenyewe nzima kabisa. Wakapanga betri nane za tochi, kila moja ya volti 1.5, wakaunganisha nyaya mbili, mota ikazunguka. Wakazibadilisha nyaya, ikazunguka upande wa pili. Mmoja wao aliomba kwenda nayo shuleni kwenye mazoezi ya kufundisha, na mpaka leo hajairudisha.